Wapagazi wa Mama Meno

Jemadari alitoa hukumu yake akiwa amesimama, mkono mmoja nyuma ya mgongo, na wala hakuona haya. Wapagazi hawataingia mezani. Wamepakwa rangi vizuri, alisema, hilo hakuna anayelipinga, lakini hawana pointi, na kitu kisicho na pointi ni pambo tu, na siku ya maonyesho chama hakitaki mapambo, kinataka vita.

Mama Meno alikuwa amekaa mbele yake na katoni mapajani. Ndani ya katoni walikuwamo hao wapagazi wenyewe, mia moja na kumi na wawili, kila mmoja na urefu wa pingili ya kidole gumba, wamelazwa safu kwa safu juu ya sponji. Alikuwa amepanda nao ngazi mbili hadi ukumbini, tena kwa magoti yanayouma, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuwabeba. Akamtazama Jemadari kuanzia viatu hadi upara. Maneno yaliyomjia hayakufaa kutamkwa mbele za watu, kwa hiyo akayameza kwanza.

Tuseme ukweli, huyu Jemadari hakuwahi kuwa jemadari wa kitu chochote. Alikuwa mpima ardhi, akastaafu, na cheo hicho alipewa na wenzake wa chama kwa jinsi anavyojikunja juu ya meza na kuwasukuma askari wake wa bati kana kwamba taifa zima linamtegemea yeye. Chama chenyewe kilikuwa na watu kumi na saba. Walikutana kila Jumamosi katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya shule, wakapigana vita vidogo juu ya meza kubwa: visanamu vya askari, dadu, futi kamba, na kitabu cha kanuni chenye kurasa zaidi ya mia mbili. Wiki hii vita vya kale, wiki ijayo mazimwi na wafu wanaotembea. Mama Meno alikuwa mwanachama, lakini si mchezaji. Yeye ndiye aliyepaka rangi, askari na mazimwi pia, na kwa miaka sita hakuna jeshi lililopanda ile meza bila kupitia mikononi mwake.

Jina la Mama Meno alilipata kwa jasho lake. Miaka ishirini na saba alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba kisicho na dirisha, na aliweza kukutajia weupe wa aina kumi na sita, kutoka jino la mtoto hadi jino la mvuta tumbaku. Alipostaafu mkono ulikuwa bado hautikisiki, macho yanaona, na kukaa tu kulikuwa kunamtia wazimu. Ndipo dada mmoja mfamasia, mwanachama wa hicho chama, akamletea askari kumi ajaribu kuwapaka rangi. Baada ya wiki Mama Meno akawarudisha, kila mmoja ana macho na anaangalia anakokwenda. Tangu siku hiyo hakupumzika.

Mwaka huu chama kiliamua kucheza Vita vya Daraja, vita vya enzi za mababu, ambamo jeshi lilitembea siku arobaini porini, likafika mtoni, likavuka. Mama Meno alikabidhiwa pakiti za askari kutoka dukani, na pakiti hizo hazikupungukiwa kitu. Kulikuwa na askari waliopiga magoti, kulikuwa na mpiga tarumbeta, kulikuwa na kapteni na darubini yake, na hata mbwa wa kapteni alikuwepo. Wapagazi waliuzwa wanne kwa pakiti, wote uso mmoja, wote wameinama kama watu waliodondosha sindano. Naye alikuwa amesoma vitabu vile vile alivyosoma Jemadari, na vilisema, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, kwamba kila askari mmoja alikwenda na wapagazi watatu.

Mmoja wao alikuwa babu yake mzaa baba. Askari walimkuta asubuhi anatengeneza bawaba ya mlango, wakamtwisha sanduku la risasi, na mlango ukamaliziwa na mtu mwingine. Picha yake haipo. Bibi alimweleza mjukuu wake mara nyingi jinsi alivyokuwa, lakini kila mara maelezo yalihama kidogo, leo pua ndefu, kesho pua ya wastani, hadi mwisho bibi akakiri kwamba sura imemtoka, amebakiwa na kicheko tu. Kwa hiyo Mama Meno hakuwa na uso wa kuiga. Akaamua kutengeneza nyuso nyingi kadiri atakavyoweza, bila kurudia hata moja, ili katika hao wote mmoja awe yeye. Huo ndio ulikuwa mpango wake, na hakumwambia mtu ila mumewe.

Alifanya kazi kwa njia aliyoijua, njia ya meno. Alimchonga mpagazi kwa nta, mtu na mzigo wake kwa pamoja, akamzika ndani ya plasta, akaichoma ile plasta mpaka nta ikayeyuka ikatoka, halafu akamimina bati la moto mahali nta ilipokuwa. Bati likipoa, plasta huvunjwa, na ikishavunjwa hakuna wa pili. Wapo waliotoka bila masikio, yupo aliyetoka bila kichwa, na hao aliwarudisha kwenye chungu. Waliotoka wazima aliwapaka rangi nyeusi ya msingi, kisha akaanza na macho, maana ukiliacha jicho liwe la mwisho na brashi ikateleza, uso wote umekwenda. Kichupa cha dukani kilichoandikwa "rangi ya mwili" kilikuwa cha waridi. Alikitazama, akacheka peke yake, akakitumia kupaka blanketi. Rangi za miili alizichanganya mwenyewe, kahawia za namna tisa, na kazi yote ikamla miezi kumi na minne. Mumewe, fundi wa majokofu, alikula chakula chake mapajani muda wote huo kwa sababu meza haikuwa yake tena, na kwa kweli hakulalamika zaidi ya mara tatu au nne.

Ndiyo maana sasa, akiwa na katoni mapajani na Jemadari mbele yake, hakuinuka kuondoka. Akauliza kwa upole, ule upole wake ambao mumewe akiusikia huondoka chumbani, kwamba yule popo wa vichwa viwili aliyempaka rangi mwezi uliopita ana pointi ngapi. Mfamasia akajibu kutoka dirishani kwamba ana kumi na nne.

"Popo ambaye hajawahi kuwepo ana kumi na nne," Mama Meno alisema. "Mtu aliyekuwepo hana hata moja."

Jemadari akasema si yeye aliyetunga kanuni. Kitabu ndicho kinachogawa pointi kwa wanaopigana, na wapagazi hawakupigana. Halafu, na hili ndilo lililochafua hewa kabisa, akaona amtendee wema. Akatoa mfukoni kifuko cha nailoni chenye bunduki ndogo ndogo za akiba, akakiweka juu ya katoni. Akamshauri achukue msumeno mwembamba, akate mizigo, awabandike bunduki mabegani, wawe askari. Kazi ya siku mbili, alisema, na wote wataingia mezani.

"Hapo watahesabika," alimalizia, na alimaanisha vizuri, jambo ambalo lilifanya iwe mbaya zaidi.

Mama Meno alikichukua kile kifuko kwa ncha za vidole viwili akakirudisha kwenye kiganja cha mwenyewe. "Huo msumeno utaanza na mkono wangu," alisema. Akafunika katoni, akashuka ngazi, na watu waliokuwa njiani wakampisha.

Nyumbani mumewe alimpokea katoni, akamvutia kiti, akamwachia nafasi ya kufoka. Alifoka vya kutosha. Alimwita Jemadari mpima hewa, alimwita kichwa cha mbao, akaunganisha na ukoo wake wa pande zote mbili. Alipopoa mumewe akafanya kosa. Akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba labda thelathini tu wangepewa bunduki, ili wengine waruhusiwe kusimama kwa nyuma, kwani nani atajua.

"Mimi nitajua," alisema. "Baba watoto, ukimkata babu mzigo wake, umebaki na nani? Watu wote waliomsahau wamemsahau na mzigo wake. Mimi nimkate tena, kwa mkono wangu, ili apendeze?"

Mumewe akaitazama ile katoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua kuona alipokosea, na alikiri hapo hapo. Kisha akauliza swali la kifundi, kwa sababu ndivyo kichwa chake kilivyozoea kufanya kazi. Akauliza kama hicho kitabu cha kanuni kina mtu aliyewahi kukisoma chote. Yeye katika maisha yake yote ya ufundi hajaona mtu aliyesoma kitabu cha jokofu mpaka mwisho, na nusu ya matatizo ya majokofu majibu yake yamo mle mle.

Mama Meno alikuwa nacho kitabu hicho, kwa ajili ya picha za sare na rangi za vifungo. Kanuni zenyewe hakuzigusa. Akakaa nacho siku nne, kalamu ya risasi sikioni, akianzia ukurasa wa kwanza kama mtu anayesoma mkataba wa kununua kiwanja. Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, alifika ukurasa wa mia moja sitini na moja, akausoma, akaurudia, akainuka akaenda kunawa uso, akarudi akausoma mara ya tatu. Mumewe alimsikia akipiga kofi mezani. Alipokwenda kuangalia alimkuta anatabasamu tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu bosi wake wa kliniki ahamishwe.

Ukurasa huo ulihusu ugavi. Ulisema kila kikosi huanza vita na risasi za kufyatua mara tatu tu. Baada ya hapo hunyamaza, mpaka mpagazi mwenye mzigo atoke ukingo wa nyuma wa meza, atembee hatua zake kwa kipimo, akiguse kikosi. Mzigo mmoja, kufyatua mara moja. Wapagazi wanaweza kupigwa njiani. Na chini kabisa, kwa herufi za kawaida: kanuni hii ni ya hiari, lakini mwanachama yeyote akiidai kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, haikataliki.

Chama kilikuwa na miaka ishirini, na kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kuidai. Ilikuwa ni desturi, kila mmoja aliipokea kwa aliyemtangulia. Kuhesabu risasi kunachosha, kunachelewesha mchezo, basi tuchukulie zipo.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika. Walikuja wanafunzi, walikuja wazazi, walikuja watu waliokuwa wananunua madaftari chini wakasikia kelele. Meza ilipambwa kwa mto wa gundi ngumu inayong'aa, miti ya sponji, na daraja la vijiti ambalo mfamasia alilijenga kwa wiki tatu. Mfamasia angelinda ng'ambo ya pili. Jemadari angeongoza jeshi linalovuka. Mwamuzi alikuwa Mwalimu, mzee mpole aliyefundisha historia maisha yake yote, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo hata kwenye chumba kitupu.

Mama Meno aliingia na katoni yake, mumewe nyuma yake, akasimama ubavuni mwa meza. Jemadari akamwona, akaona na katoni, akajitia hamnazo. Alitoa hotuba fupi kuhusu ushujaa. Alipoinua dadu, Mama Meno akainua mkono.

"Naidai kanuni ya ukurasa wa mia moja sitini na moja," alisema.

Mwalimu akafungua kitabu, akavaa miwani, akasoma taratibu hadi chini. Watu wakasubiri. Alipomaliza alisema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba ni kweli imeandikwa na ni kweli haikataliki.

Jemadari akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa umri wake hadharani. "Hiyo hatuitumii, Mama Meno. Siku zote tunachukulia risasi zipo."

"Zimeletwa na nani?"

Watu wakacheka, na baadhi yao hawakujua wanachochekea. Jemadari angeweza kukasirika, angeweza kuahirisha, lakini mtu aliyeishi kwa kitabu hawezi kukikana kitabu mbele ya wageni. Tena alikuwa na uhakika wa kushinda kabla risasi hazijaisha. Akasema sawa, hakuna neno, wacha tucheze. Mama Meno akavuta kiti, akakaa kwenye ukingo wa nyuma wa meza na katoni yake mapajani, kifuniko kimefungwa.

Raundi ya kwanza Jemadari alifyatua kama alivyozoea, vikosi vyote vinane, kwa umbali ambao hata mimi na wewe tungejua hautampata mtu. Raundi ya pili akafyatua tena, kwenye kichaka, kwa hofu tu kwamba labda kichakani mna mtu. Miaka ishirini ya risasi za bure ilikuwa imemharibu mkono. Raundi ya tatu alikuwa amefika karibu na daraja, akawapiga watu wa mfamasia vizuri kweli, akapigiwa makofi, akanyoosha shati lake. Raundi ya nne alichukua dadu, na Mwalimu akamwekea kiganja juu ya mkono.

"Mikono mitupu," Mwalimu alisema. "Vikosi vyote vinane."

Jemadari akajaribu bila risasi. Akawasukuma kwa visu hadi katikati ya daraja, na mfamasia, ambaye ghala lake lilikuwa hapo hapo nyuma ya mahandaki yake, akawarudisha bila hata kubadilisha mkao. Askari wanne waliondolewa mezani, wakawekwa kwenye sinia la pembeni kama kawaida. Akajaribu tena, wakaenda watatu. Jeshi zuri kuliko yote ambayo chama kilipata kuwa nayo likasimama mtoni, kila kifungo kimepakwa dhahabu, haliwezi kufanya chochote. Mtoto mmoja akamwuliza baba yake kwa nini hawapigi.

Jemadari hakutaka kugeuka nyuma. Mama Meno aliiona shingo yake ikibadilika rangi na hakumwonea huruma. Alikuwa amengoja miezi kumi na minne, angeweza kungoja dakika nyingine. Hatimaye mpima ardhi akageuka, akasogea hadi kwenye kile kiti.

"Nipe wapagazi," alisema. "Wanane."

Mama Meno akafungua kifuniko. "Chukua mwenyewe."

Ikabidi ainame. Ikabidi pia avae miwani ya kusomea, kwa sababu visanamu vilikuwa vimelala karibu karibu na hakutaka kuvigonganisha rangi. Kwa mara ya kwanza tangu vimfikie machoni, aliviangalia. Alichukua wa kwanza, mtu mfupi aliyebana midomo. Akachukua wa pili, kijana aliyegeuza shingo kana kwamba ameitwa. Wa tatu alimshika muda mrefu zaidi. Huyo alikuwa amebeba sanduku begani kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameukandamiza kifuani.

"Huyu anaumwa?" aliuliza, chinichini.

"Anaumwa," Mama Meno alisema. "Na bado amebeba."

Jemadari akamrudisha kwenye sponji, akachukua mwingine mwenye afya. 

Wapagazi wanane wakaanza kutembea. Meza ile ilikuwa ndefu, na hatua zao kwa kipimo cha kitabu zilikuwa fupi, na Jemadari ndiye aliyetakiwa kuwasogeza, mmoja mmoja, kwa futi kamba, kutoka ukingoni hadi mtoni. Kilichokuwa kazi ya sekunde kwa askari kikawa kazi ya dakika kumi. Walipokuwa katikati ya uwanja mfamasia akafyatua. Alimwangalia Mama Meno kwanza, kama anayeomba radhi, na Mama Meno akamwashiria apige tu. Dadu zikasema wawili wameanguka.

Jemadari akanyoosha mkono awaondoe, awapeleke kwenye sinia na wale askari. Ndiyo desturi ya mezani kote ambako mchezo huu unachezwa. Aliyekufa huondolewa ili uwanja ubaki safi. Lakini Mwalimu alikuwa ameshakirudia kile kitabu, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja wa katikati ya ukurasa. Mzigo ulioanguka hubaki ulipoangukia hadi mwisho wa mchezo, kwa kuwa adui anaweza kuuteka.

"Basi acha mzigo, mimi namtoa mtu," Jemadari alisema.

Akajaribu. Akamgeuza yule mpagazi huku na huku, akatafuta kiungo, na kiungo hakikuwepo. Mtu na mzigo walimiminwa pamoja, bati moja. Akamtazama Mama Meno.  Mpima ardhi akamlaza yule mpagazi pale pale njiani, kwa ubavu, akamlaza na mwenzake.

Kuanzia hapo mchezo ulibadilika, na kila aliyekuwa ukumbini aliliona hilo. Kelele zilipungua. Jemadari alikuwa akienda na kurudi kati ya daraja na katoni, akichukua sita, akichukua kumi, na kila alipokwenda ilimbidi apitishe mkono juu ya waliolala ili awasogeze waliosimama. Akaacha kufyatua vichaka. Akaanza kufikiri kabla ya kila dadu, akihesabu kwa midomo ni nani atakayefika na kwa njia gani. Alianza kuwapitisha nyuma ya miti, wengine chini ya daraja. Mara moja alimvusha mpagazi mmoja kwenye uwanja wote bila kuguswa, akafika, na watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko walivyompigia kapteni. Mumewe Mama Meno alipiga kuliko wote, halafu akaona aibu, akaficha mikono.

Raundi ya tisa jeshi likavuka. Mfamasia akalaza bendera yake, na vita vikaisha kama vitabu vinavyosema viliisha. Jemadari alikuwa ameloa jasho mgongoni, na kwa haki yake alipongezwa, na alipeana mikono na kila mtu. Zilibaki taratibu za mwisho. Mwalimu alitoa fomu ya matokeo. Katika chama hicho mshindi ndiye anayetangaza hasara yake mwenyewe, kwa mdomo wake, mwamuzi akaandika.

Jemadari akatazama sinia la pembeni. "Askari tisa," alisema kwa sauti nzito ya kutangazia, akaanza kukunja futi kamba.

"Na hao?" Mama Meno aliuliza.

Alikuwa amesimama sasa. Katoni aliiacha kitini. Kati ya ukingo wa nyuma na mto, njia nzima, walikuwa wamelala watu wake, wengine kifudifudi, wengine ubavu, na mizigo yao.

Jemadari alionekana kuchoka ghafla. Akamwambia bila ukali kwamba amekubali kanuni yake, amewaweka mezani, wamecheza wote, watu wamewaona, basi yaishe. Hasara huhesabiwa kwa pointi. Hao hawana pointi na fomu haina mstari wao.

"Sikukuuliza pointi," Mama Meno alisema. "Nimekuuliza wangapi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Jemadari akamgeukia Mwalimu kutafuta msaada. Mwalimu alikuwa ameshaigeuza ile fomu upande wa nyuma, ule usio na mistari, na amefungua kalamu.

Basi akahesabu. Alianzia ukingoni, akinyoosha kidole bila kugusa, midomo ikicheza, na ukumbi mzima ukahesabu naye kimoyomoyo. Alipofika mtoni akasimama. "Ishirini na tisa."

"Rudia," Mama Meno alisema. "Daraja lina chini."

Jemadari akavuta pumzi. Akapiga goti moja, akapiga na la pili, akaegemeza shavu lake kwenye ukingo wa meza ili aone chini ya vijiti vya daraja, na akakaa hivyo kwa muda ambao ulizidi ule uliohitajika kuona visanamu viwili. Alipojibu alijibu kutoka huko huko chini.

"Thelathini na mmoja."

"Walio mlangoni hawajasikia."

Akainuka kwa kushika meza. Miwani ilikuwa imepinda puani na hakuinyoosha. "Wapagazi," alisema, na sauti haikuwa ile ya kutangazia, lakini ilifika mlangoni. "Waliokufa, thelathini na mmoja."

Mwalimu akaandika, kwa wino, bila haraka. Mama Meno alisimama hapo hapo akiitazama kalamu mpaka ilipomaliza neno la mwisho.